Mashine Iliyogoma Kupanda Kilima cha Idi

Mwaka nilioshika spana kwa mara ya kwanza siujui kwa tarakimu, naujua kwa tumbo. Ni mwaka ule kuku wa barafu walipoingia Ibra, mji wetu huku nyuma ya Masqat, kwa makatoni, mpaka harusini watu wakatiliwa kuku juu ya wali badala ya mbuzi. Wazee walinuna. Walinuna, wakala, wakaomba waongezwe. Dada yangu anayekaa Sur alihudhuria harusi moja ya namna hiyo, akamshika kuku kwa vidole viwili akauliza, "Huyu kafa lini?" Hakuna aliyejua. Basi ndo mwaka huo. Mkitaka tarakimu, mtafuteni aliyeleta kuku.

Mjukuu wangu Asma kaniambia, "Bibi, andika habari za kazi yako, vijana wanasoma." Nikamwambia skuli sikwenda. Akasema, "Wewe andika unavyosema, nukta nitatia mimi." Haya. Mkiona nukta pahali si pake, mlaumuni Asma, yeye kasoma.

Mie kazi yangu ilikuwa mashine za kukata majani. Si zile za kusukuma, zile kubwa ambazo mtu anapanda juu yake akakaa kama mwenye gari. Najua mnacheka. Bibi wa Kiunguja, buibui na marashi, chini ya mashine ya majani! Chekeni tu, lakini mkimaliza kucheka sikilizeni, kwa sababu mashine hizo bado zipo na bado zinagoma, na nawaona mafundi wa leo wanavyozichokonoa kama mtu anayetafuta funguo kizani.

Kampuni yetu ilikuwa na mkataba wa kutunza majani ya mabustani na ya mizunguko ya barabara. Nchi yetu ni ya mawe na mitende, lakini mtu akishapata maji ya kumwagia hutaka kijani, na kijani hutaka kukatwa. Karaji yetu, pahali pa kutengenezea mashine, ilikuwa Ibra, ila tukitumwa mpaka Nizwa na mpaka Sur. Mie niliingia pale kupika chai. Mume wangu alikuwa keshafariki, na watoto walikuwa wanne, wote wana meno.

Mkubwa wa karaji alikuwa Khalfan. Kwao ni hapa hapa Ibra, lakini kazaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimechanganyika na Kiingereza. Nikimwambia, "Kiswahili chako kilipanda treni, nusu yake ikashuka njiani." Yeye akicheka, maana alikuwa na adabu. Kila asubuhi, mkubwa yeye, lakini, "Shikamoo, Bibi Zuwena." Mtu mzuri Khalfan. Nalisema mapema msije mkamchukia mbele.

Fundi alikuwa Ustadh Ghulam, Mpakistani mwenye ndevu za hina na ulimi mkali. Siku moja namletea chai, namwona anahangaika na springi ya kuvutia mkanda. Kila akiitundika inachomoka. Nikasimama na sinia yangu, nikamwambia, "Umeitia kichwa chini."

Akanitazama kama aliyesikia birika linasema.

"Wewe unajua nini?"

"Baba yangu alikuwa fundi wa vyarahani Malindi, Unguja. Nimekaa miguuni pake miaka minane. Springi nazijua."

Akaigeuza. Ikakaa. Hakusema ahsante, aliniambia tu, "Kesho leta chai mapema, halafu ubaki." Nikabaki miaka kumi na minne.

Sasa somo la kwanza la Ghulam, na hili ndilo nataka mlishike hata mkisahau mengine yote. Mashine ikishindwa kupanda mwinuko, usikimbilie spana. Simama, sikiliza, ujiulize: kimechoka kifua au imechoka miguu? Kifua ndo injini. Ukiwa mlimani injini ikakohoa, ikafifia, ikazimika, basi ni kifua: angalia petroli, angalia chujio la hewa, angalia kabureta. Lakini injini ikiwa inaimba, inapiga kelele zake zote, na magurudumu yamekaa yanaitazama tu, hapo ni miguu. Usiiguse kabureta! Nimeona mtu kafungua kabureta vipande thelathini, na ugonjwa uko kwenye mkanda uliolegea. Ni kama mtu analalamika goti na daktari anamtazama meno.

Na miguu nayo ina maradhi yake. Mkanda ulioisha. Springi iliyochoka, haivuti tena. Giaboksi lenye oili kidogo, au oili ya zamani ambayo ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji ya wali. Huo wa mwisho utaujua kwa saa: asubuhi mashine inapanda kama mbuzi, baada ya nusu saa haipandi hata kizingiti. Nizwa ilitupata hiyo. Ghulam akanituma nichungulie chini ya kiti, nikakuta majani na vumbi vimeganda juu ya giaboksi kama blanketi, hewa haipiti, oili inachemka. Nikachukua fagio la njiti la kufagilia uani nikalisugua, na baadaye tukabadilisha oili. Likapona. Watu wa Nizwa walitaka kuona chombo gani nimetumia. Nikawaonyesha fagio. Hawakuamini.

Na makosa yangu je? Yapo, msidhani. Sur, karibu na bahari, mashine haikuwa na nguvu hata ya kupanda ukingo wa njia. Ghulam alikuwa kaenda kusali na kula, mie nikasema leo nitamshangaza. Nikafungua. Nikafungua. Siku mbili nafungua, dada yangu ananiletea chakula pale pale, mpaka mashine ikawa imetandazwa chini kama biashara ya mnadani. Ghulam akaja, akazunguka nyuma, akaona kijiti cha chuma kimevutwa nusu. Ni kile cha kuyaachia magurudumu ili mashine isukumwe kwa mikono. Mtu kaisukuma, kasahau kukirudisha vizuri. Basi, hilo tu! Ghulam alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Mama Zuwena," akasema, "umemchinja ng'ombe kumtoa kupe." Tangu siku hiyo, kabla sijafanya lolote nazunguka nyuma kwanza. Na nyinyi mzunguke nyuma.

Jambo moja tu Ghulam hakunifundisha. Mikanda. Kila mkanda mpya alikuwa akiutia yeye, na mie ananitoa. Kidole chake cha shahada kilikuwa hakina ncha, kililiwa na mkanda akiwa kijana kwao. Akisema, "Mikanda nitakuonyesha mwisho." Mwisho haukufika. Mama yake akaugua, Ghulam akaenda kwao kwa wiki mbili, na hakurudi. Khalfan akapiga simu Masqat kwa wakubwa wa kampuni, akapigana nao siku tatu, halafu akaja jikoni kuniambia, "Bibi Zuwena, kuanzia leo wewe ni fundi. Please usiniaibishe."

Nikavua kitambaa cha jikoni. Nilitembea kutoka jikoni mpaka karaji, hatua ishirini, na nilizitembea kama bibi harusi.

Sasa nakuja kwenye kilima.

Nje ya mji palikuwa na bustani ya familia, na ndani yake walitengeneza kilima cha udongo, wakakipanda majani ili watu wakae juu wakitazama watoto wanacheza chini. Kila Idi, siku ya pili, watu wanapofukua shuwa yao, nyama iliyookwa shimoni usiku kucha, huja pale na masinia na mikeka. Kilima kile kilikuwa fahari ya mji. Na mkataba wetu ulikuwa umekaribia kwisha, mkaguzi wa kutoka Masqat alikuwa aje kabla ya Idi aone majani.

Dereva wetu wa mashine alikuwa Shafi, kijana wa Kihindi kutoka Malabar, mwembamba, mpole, anasema na mashine kwa lugha yake kama mtu anavyosema na ngamia. Mie na yeye tulisema Kiarabu cha kazini, kile kibovu ambacho Mwarabu akikisikia anaumwa na sikio. Kwao alikuwa anajenga nyumba, kuta zimekwisha, bado paa. Kila barua ikija aliniambia paa limefikia wapi.

Siku tisa kabla ya Idi, Shafi akapeleka mashine kilimani. Siku kumi nyuma yake ilikuwa ikikata mizunguko ya barabara, pahali tambarare, haina neno. Ikapanda kilima mpaka katikati. Pale ikasimama. Injini inanguruma, magurudumu yamenyamaza. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Shafi kakanyaga breki, majani yana umande, mashine inateleza tu, yeye akaruka, mashine ikashuka peke yake kinyumenyume mpaka ikatumbukiza gurudumu moja ndani ya falaji, mfereji wa maji. Maji ya falaji yale yanakwenda mashamba ya watu. Wakaja wenye mashamba. Akaja Khalfan. Zikapigwa kelele ambazo hata mji wa pili, Sinaw, zilisikika.

"Umeiendesha kama punda!" Khalfan akamwambia Shafi.

"Mudiri, niliiendesha polepole."

"Polepole ndiyo ifike kwenye falaji? Masqat wataniuliza, niwaambie nini? Mtu lazima aondoke kwa hili." Akanigeukia. "Bibi, itengeneze. Isipopanda kabla ya Idi, huyu anapanda ndege."

Ndo hivyo. Mashine isipopanda kilima, Shafi anarudi kwao kwenye kuta zisizo na paa. Nikamwambia, "Usiogope, mwanangu. Fundi yupo." Nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Siku ya kwanza nilisikiliza kifua. Kizima. Injini inaimba vizuri kuliko mie. Nikazunguka nyuma, kile kijiti kiko pahali pake. Siku ya pili nikaangalia oili ya giaboksi: imejaa, safi. Vumbi: hakuna. Springi: inavuta mpaka inauma kidole. Na si ugonjwa wa moto, kwa sababu hata asubuhi na mapema, mashine baridi, ukiipeleka kwenye mwinuko inasimama. Wakati huo wote majani ya kilima yanakua, yamefika magotini, na wafanyakazi wanayakata kwa mundu mstari kwa mstari, migongo imepinda.

Shafi alikaa karibu yangu ananipa vyombo. Akasema taratibu, "Mama, mkanda umeutazama?"

"Mkanda mpya. Nimeutia mwenyewe. Hata wiki mbili haujamaliza."

"Sawa, Mama. Lakini labda mkanda…"

"Weye nani kakupa ufundi? Nipe spana ya kumi na tatu unyamaze."

Akanipa. Akanyamaza. Vijana, mwenzako wa kazi akikuuliza jambo mara mbili kwa upole, weka spana chini. Mie sikuweka. Ule ulikuwa mkanda wa kwanza niliotia peke yangu, bila Ghulam, na niliuonea fahari kama mtoto wa kwanza. Nani anamtazama mtoto wake wa kwanza akasema huyu ndiye mwizi?

Siku ya tatu nimelala chini ya mashine, jasho linaniingia machoni. Nikajipangusa uso kwa kiganja. Nikasikia harufu ya nazi. Nikasema ah, nywele zangu. Halafu nikakumbuka nywele zangu usiku uliopita nimezitia hina kwa ajili ya Idi, zinanuka hina. Nikanusa mkono. Mkono ndo unanuka nazi. Na mkono umetoka kwenye mkanda.

Mambo yakanijia moja moja.

Baba yangu alikuwa na vyarahani vya miguu, vile ambavyo gurudumu linazungushwa kwa ukanda wa ngozi. Kila Ijumaa asubuhi alitia mafuta ya nazi kwenye kitambaa akaupaka ukanda, usikauke, usipasuke. Nimeona hivyo utoto wangu wote. Na hewa ya Ibra mnaijua, inapasua visigino, inapasua midomo, inapasua milango. Nilipoushika mkanda ule mpya, mweusi, mkavu, niliuonea huruma. Nikaenda kwenye mkoba wangu, nikachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi, yale mazuri ya kwetu anayoniletea dada kutoka Sur kila akija mgeni wa Unguja, nikaupaka mkanda ndani na nje kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Kidogo nimtie na wanja!

Wajukuu zangu, ngozi inakunywa mafuta. Mpira haunywi. Mkanda wa mpira kazi yake ni kung'ang'ania puli, vile vigurudumu unavyovizungusha, na mimi nimeupaka uteleze. Pahali tambarare mzigo mdogo, uling'ang'ania kwa shida. Mlimani mzigo wote ukaja, mkanda ukasema samahani, ukateleza. Kilima kile hakikuwa na kosa, Shafi hakuwa na kosa, mashine haikuwa na kosa.

Nikatoka chini ya mashine. Shafi kakaa palepale.

"Shafi. Kwenu Malabar mnapikia mafuta gani?"

Akainamisha macho. "Ya nazi, Mama."

"Na harufu yake unaijua?"

"Niliijua tangu siku ya kwanza, Mama. Mashine ilipopata moto ikanuka jikoni kwa mama yangu. Niliona njaa siku nzima."

"Mwanamume wewe! Ulijua, na wanataka kukupakia ndege! Kwa nini hukusema?"

"Nilisema mkanda, Mama. Mara mbili. Ukataka spana."

Akaendelea, anachora mchanga kwa kidole, "Nikisema mafuta mbele ya wanaume, wangekwambia urudi kwenye chai. Mie nikifukuzwa ninajua njia ya nyumbani. Wewe, Mama, hii karaji ndo nyumbani."

Nilimpiga kibao cha bega. Kisha nikacheka, na yeye akacheka, tukacheka mpaka wafanyakazi wengine wakaja kuona tuna nini. Machozi yalinitoka, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Dawa yake? Mkanda uliopakwa mafuta usijaribu kuuosha ukautumia tena, umeshavimba na kulainika, tupa. Na usiende dukani na kamba uliyopimia mkanda wa zamani, mkanda wa zamani umevutika, utanunua mrefu. Soma namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Tulikwenda Nizwa na Shafi kwa pikapu, Ibra haukupatikana. Mwenye duka akamwuliza Shafi namba. Nikajibu mie. Akamwuliza Shafi tena. Nikamwambia, "Baba, sauti inatoka huku."

Tuliporudi nikaziosha puli kwa maji ya moto na sabuni, nikazipangusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nje, injini baridi, tukaziacha zikauke kabisa. Mikono nikaiosha mara tatu, mpaka Shafi akauliza kama naenda kusali. Mkanda ukaingia mkavu, kama ulivyotoka dukani. Shafi ndiye aliyeshika springi, mie nikatia mkanda, waya wa plagi umechomolewa, kwa sababu kidole cha Ghulam sikukisahau.

Siku nne zimebaki. Tukaipeleka kilimani. Shafi akataka kupanda, nikamwambia shuka. Aliyepaka mafuta ndiye atakayetumbukia falajini. Nikafunga buibui kiunoni, nikapanda, nikaielekeza juu moja kwa moja. Kilima kinapandwa wima na kinashukwa wima, usikikate ubavuni, mashine hupinduka. Ilifika katikati, pale pale iliposimama mara ya kwanza. Injini ikanguruma, magurudumu yakauma udongo, ikapita. Nilipofika juu nilipiga vigelegele mpaka mitende ikashtuka. Chini wafanyakazi wanapiga makofi, na mzee mmoja mwenye shamba, yule aliyetutukana kwa ajili ya falaji, akaniinulia bakora yake juu.

Nitawaambia kwanza yaliyofuata, kwa sababu nataka kumalizia ofisini.

Mkaguzi alikuja akakuta majani yamekaa kama zulia, mkataba tukapewa tena. Siku ya pili ya Idi watu walijaa kilima kizima, nami nikakaa juu kabisa na masinia yangu, sikumruhusu mtu kukaa juu yangu. Shafi alibaki, akaendesha mashine ile mpaka kichwa kikaingia mvi, na nyumba yake ikapata paa na ghorofa juu ya paa. Mie nilipewa barua ya onyo kutoka Masqat, yenye muhuri, ipo kabatini pamoja na vikombe vya kahawa vya wageni. Na nilirudishwa kwenye chai. Mwezi mmoja. Halafu mashine ya pili ikagoma, fundi waliyemleta akafungua kabureta, na Khalfan akaja jikoni mwenyewe, kaniwekea spana juu ya sinia kama halua.

Lakini siku ile, nimeshuka kilimani, buibui lina majani, nilikwenda ofisini kwake kumwambia kweli. Nikamweleza yote, nazi na vyote. Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akasukuma karatasi mezani.

"Ripoti ya Masqat nimeshaiandika, Bibi. Nimeandika dereva ameunguza mkanda kwa kuendesha vibaya. Tia jina lako hapa chini kama fundi, biashara imekwisha."

"Si nimekwambia ni mimi?"

"Nimesikia. Na wao wakisikia wataniuliza nani alimpa mpika chai spana. Mimi ndiye niliyekutetea, Bibi Zuwena. Ukianguka, naanguka na wewe. Shafi kijana, atapata kazi kwingine."

"Atapata kazi gani na karatasi inayosema hajui kuendesha?"

"Bibi, please. Jina tu. Hakuna atakayejua."

Nikamwambia, "Kuandika jina langu nimejifunza nina miaka arobaini, na mkono huu hautalitia chini ya uwongo."

Feni inazunguka juu. Akachukua kalamu, akaifungua kifuniko, akaniwekea karibu na mkono, na sauti yake ilikuwa ya huruma, si ya ukali.

"Utarudi jikoni, Bibi yangu. Fikiri vizuri."

Nilifikiri vizuri. Nikaifunga kalamu kifuniko chake, nikamrudishia.

"Kuandika jina langu nimejifunza nina miaka arobaini, na mkono huu hautalitia chini ya uwongo."